Kabla ya kuilaumu mvua: kutambua kinachoyasumbua mahindi ya Lubumbashi

Jumapili jioni, mwezi wa pili, panda taksi-basi inayorudi mjini kwa barabara ya Kasenga. Abiria wamebeba mboga za lengalenga, magunia ya makala, majembe yaliyofungwa kitambaa, na hukumu moja mdomoni: mvua ya mwaka huu imetuua. Mimi pia nilikuwa naitoa hukumu hiyo, misimu mitatu mfululizo, hadi mzee tunayepakana mashamba, ambaye sote tunamwita Baba Mukubwa, alipochoka kunisikiliza. Alichuchumaa, akachomeka panga kando ya mche mmoja wa manjano, akaung'oa na bonge lake la udongo, akaupigapiga gotini. Mizizi ilikuwa mifupi, minene kama vidole vya mtoto, imepinda pembeni. Hakuna hata mmoja ulioshuka chini kupita urefu wa kiganja.

"Mvua inanyesha," akasema. "Huu hauna mdomo wa kuinywa."

Ni kweli kwamba hapa kwetu mvua ina madaraka makubwa. Ndugu zetu wa Bukavu na Goma wana misimu miwili. Aliyeharibikiwa Septemba anajaribu tena Februari. Sisi tuna mmoja tu. Ukanda wa mvua unalifuata jua likishuka kusini, unatufikia mwezi wa kumi na moja, unaondoka kati ya mwisho wa Machi na Aprili, kisha pepo kavu za kusini-mashariki zinashika zamu mpaka Oktoba. Mwaka mzima tunapata kama milimita 1,200, karibu zote ndani ya miezi hiyo mitano. Ukikosea, unakwenda kununua unga kwa meka, kile kipimo cha sokoni, kama watu wengine, na bei ya huo unga inategemea pia mvua ya Zambia: ukame wa 2024 ulipoifunga Zambia mkono, kila nyumba iliyozoea unga unaopita mpaka wa Kasumbalesa iliusikia kwenye sahani ya bukari, yaani ugali.

Lakini milimita 1,200 zinatosha mahindi, tena zinabaki. Kwa hiyo shamba likiharibika, mvua ihojiwe kama mashahidi wengine, isihukumiwe kwanza. Maswali yangu ni haya, na nayauliza kabla sijagusa bomba la dawa. Dalili imeanza jani la chini au la juu? Imeshika shamba zima, mabaka, au mmea mmojammoja huku na kule? Imeanza ukingoni au katikati? Na mizizi inasemaje? Anayekuuzia dawa bila kukuuliza hata moja kati ya hayo anauza dawa tu, hatibu.

Mbegu haikuota

Udongo ukiwa na joto na unyevu, mahindi yanachomoza siku ya tano hadi ya saba. Siku ya kumi huoni kitu? Usipande tena papo hapo. Fukua mashimo kumi sehemu mbalimbali, kwa kidole, taratibu, kwa sababu mbegu iliyozikwa ndiyo itakayokuambia.

Mbegu ikiwa imevimba, imetoa kimzizi chembamba kisha kimzizi kimekauka rangi ya kahawia, ulidanganywa na mvua za kwanza. Zinakuja Oktoba, kubwa, na radi zake, vumbi linalala, mji mzima unanukia udongo, na kila mtu anakimbilia shambani. Kisha jua wiki mbili. Mimi nilipoteza mfuko mzima wa mbegu kwa namna hiyo. Dawa yake ni mkono: chimba, na kama unyevu haujafika sentimita 15 hadi 20, rudi nyumbani. Kwa kawaida hilo linatimia katikati ya Novemba. Ila usivute sana. Aina ya siku 120 ikipandwa Desemba 15 inakomaa Aprili 14, na mvua tayari inaaga. Ya Januari inajaza punje kwenye udongo mkavu, tena wadudu waliokwishazaliana kwa majirani wanahamia kwako wote.

Mbegu ikiwa imeoza, imelainika na inanuka, ama maji yalituama, ama uliizika kina kirefu mno. Sentimita 3 hadi 5 zinatosha. Shimo tupu lenye maganda ni kazi ya panya au ndege. Ukiona safu nzima imefukuliwa kwa mpangilio, ni kunguru, nao wameamka kabla yako. Mbegu iliyochipua kisha ncha ikaungua, huku chembe za mbolea zimeigusa, haihitaji shahidi mwingine: mbolea ya kupandia ikae kando ya mbegu au chini yake, na udongo uitenganishe.

Inabaki mbegu ngumu, nzima, kama ulivyoiweka, katika udongo wenye unyevu. Hiyo ilikuwa maiti kabla hujaizika. Niliwahi kuuziwa ya namna hiyo, mfuko mzuri, picha ya gunzi linalong'aa, mshono umerudiwa kwa uzi wa rangi tofauti. Sasa sinunui bila lebo ya SENASEM, idara ya taifa ya mbegu, na hata ikiwepo ninazifunga punje 20 katika kitambaa chenye maji kwa siku saba. Zikiota 18, napanda moja kila shimo. Zikiota 14, mbilimbili. Chini ya hapo ni chakula cha kuku, kama hazijapakwa dawa. Zikiwa na rangi ya waridi au kijani, hata kuku usimpe.

Kuna pia shamba linaloota vizuri halafu kila mmea una urefu wake, mmoja kifuani, jirani yake gotini, bila baka wala mstari. Uliza mbegu ilitoka wapi. Mara nyingi ni mahindi chotara ya mwaka jana yaliyohifadhiwa na kupandwa tena. Chotara haurudishi sura yake kwa watoto. Ukitaka kuhifadhi mbegu, tafuta aina zisizo chotara.

Majani yanabadilika rangi

Hapa ndipo watu wanapopoteza fedha nyingi, kwa sababu manjano moja ina wazazi sita.

Manjano inayoanza jani la chini kabisa, kwenye ncha, ikiingia katikati ya jani kama herufi V iliyolala, ni njaa ya nitrojeni. Mmea unavua chakula cha majani mazee na kuwapelekea machanga. Wengi wanasema, "Lakini niliweka urea!" Niambie ulivyoiweka. Ukiinyunyiza juu ya udongo mkavu na jua, sehemu inapaa hewani. Ukiiweka yote siku moja halafu mvua ya Januari ikashuka siku tatu bila kupumzika, sehemu imezama kuliko mizizi. Igawe: kiasi mahindi yakifika gotini, kiasi kabla hayajatoa mbelewele. Kila mara ifunike kwa udongo. Na usipige magoti mbele ya mfuko. Shamba lenye magugu linalipa urea ya magugu. Ng'oa kwanza.

Kingo za majani ya chini zikiungua kahawia, kama karatasi iliyopitishwa motoni, huku katikati kukiwa kijani, ni potasiamu. Mistari ya njano na kijani inayokwenda moja kwa moja kati ya mishipa, bado majani ya chini, ni magnesi. Michirizi mipana myeupe kando ya mshipa mkuu, kwenye majani *machanga*, ni zinki. Hayo matatu nayapita haraka, maana chanzo chake huku kwetu mara nyingi ni kimoja, nacho ndicho mizizi ya Baba Mukubwa ilichokuwa inasema.

Udongo wetu mwekundu ni mzee, umesuguliwa na mvua za maelfu ya miaka, chokaa yake imeondoka na umekuwa mchachu. Katika uchachu huo alumini inayeyuka na kuichoma ncha za mizizi. Ndiyo maana inakuwa mifupi na minene. Na fosforasi unayoinunua ndani ya mbolea ya NPK inashikwa na udongo kabla mmea haujaifikia. Dalili yake ni miche yenye rangi ya zambarau kingoni. Hapo angalia tarehe: zambarau ya wiki mbili za kwanza, baada ya mvua nyingi na baridi ya usiku, inaweza kuondoka yenyewe mizizi ikinyoosha miguu. Ikiendelea mpaka mche unafika gotini, haiondoki.

Njia rahisi ya kuthibitisha uchachu bila maabara ni kutazama mabaka mazuri badala ya mabaya. Tafuta mahali ambapo msituni zamani walichoma makala. Tanuru lilipokaa, majivu yalibaki, na mahindi hapo yamesimama kijani cheusi kama yamepandwa na mtu mwingine. Kisha tazama kichuguu. Katika nchi hii ya miombo tuna vichuguu vyenye urefu wa mita tano na zaidi, na udongo wake una kalisi nyingi kuliko shamba linalovizunguka. Wazee hawakuwa wajinga walipokuwa wanapanda juu yake na kuumwaga shambani. Ikiwa mabaka mawili hayo yanacheka na shamba lililobaki linalia, basi shamba linaomba chokaa, si urea. Weka chokaa ya kilimo mwezi mmoja au miwili kabla ya kupanda, ichanganye na udongo, au sambaza udongo wa kichuguu na majivu kwenye mashimo ya kupandia tu, kama huna nguvu ya kutibu shamba zima. Mbolea kidogo ikiwa ndani ya shimo inafanya kazi kuliko nyingi iliyorushwa. Hesabu ni rahisi: miche iliyopandwa sentimita 75 kwa 25 ni kama 53,000 kwa hekta, na kilo 200 za NPK ya 10-20-10 zikigawanywa hapo hazifiki gramu nne kila shimo. Hizo gramu nne uzirushe ovyo ili iweje?

Kuna manjano nyingine ambayo huwezi kuikuta Kivu, kwa wale ndugu wa Bukavu na Goma. Miche inatoka, inapauka kwenye majani machanga, inadumaa kwenye baka moja, mizizi imekuwa kama waya wenye kutu. Chokaa inasaidia nusu. Simama uangalie mahali. Ikiwa ni kilima chenye nyasi fupi, miti michache, na yale maua madogo ya zambarau tunayoyaita maua ya shaba, usiulize mbolea: uko juu ya madini. Ikiwa ni mjini, kaskazini-magharibi mwa bomba kubwa la moshi la tanuru la zamani la kuyeyushia shaba, upande wa mtaa wa Penga Penga, upepo wa kiangazi ulishusha moshi pale kwa miongo mingi: shaba, risasi, kadimi. Mahindi yakidumaa hapo yanakutendea wema, kwa sababu yanakuonya. Sombe (majani ya muhogo) na lengalenga haziwezi kukuonya hivyo. Zinaweza kukua huku vumbi na madini vimo majanini. Mimi uwanja kama huo ningepanda maua na miti ya kivuli, mboga nikaziweka kwenye magunia yenye udongo ulioletwa kutoka mbali.

Mwisho wa rangi: mistari myembamba, iliyokatikakatika, myeupe-njano, imeanza majani ya juu, na mimea inayougua imetawanyika, mingi ikiwa ukingoni karibu na nyasi. Watu wanaichanganya na magnesi. Ile inaanza chini na mistari haikatiki. Hii ni virusi vya milia, vinabebwa na mdudu mdogo anayeruka akiguswa. Haina dawa. Ng'oa mmea mapema, safisha nyasi za kando, na mwaka ujao tafuta aina inayostahimili.

Matundu, na kitu kama unga wa mbao

Viwavijeshi vipya, hawa waliotoka Amerika na kuonekana Afrika mwaka 2016, wamekuwa wapangaji wa kudumu. Wakiwa wadogo wanakwangua jani, linabaki dirisha dogo la ngozi inayopitisha mwanga. Ukiinua jani juani utaliona. Wakikua wanaingia moyoni mwa mmea, wanaacha matundu yaliyochanika na kinyesi kama unga wa msumeno uliolowana. Mtoe mmoja: usoni ana herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana vidoa vinne vilivyopangwa mraba. Ukiona hivyo huna haja ya kubishana.

Matundu madogo ya mviringo yaliyopangwa mstari mmoja kukatisha jani, na jani la katikati limekauka, ukilivuta linatoka kirahisi, hilo ni funza wa bua, ndugu mwingine kabisa. Pasua bua utakuta njia yake.

Malalamiko ninayoyasikia zaidi ni "nimepuliza mara tatu na hawafi". Muda ndio uliokosewa, mara nyingi kuliko dawa. Mchana kiwavi yumo ndani ya moyo wa mmea, amejiziba kwa kinyesi chake mwenyewe; dawa inakauka juu ya majani yeye akiwa chini ya paa. Puliza jioni, elekeza ndani ya moyo, na fanya hivyo wakiwa hawajapita urefu wa ukucha. Mkubwa hafi kwa urahisi, na akikaribia hatua ya pupa, ya kulala ndani ya ganda, amekwishakula alichotaka. Usirudie dawa ya aina moja msimu mzima. Kwenye shamba la nusu hekta mimi natumia vidole zaidi: tangu wiki ya pili napita mara mbili kwa wiki, napondaponda mayai, yamekaa kwa kundi la mia hivi chini ya manyoya meupe kama ukungu, na kwenye mioyo iliyoliwa natia majivu au mchanga mkavu. Watoto wa jirani wanalipwa kwa kuhesabu. Mara moja walinidanganya kwa kurudisha viwavi walewale kwenye kopo, lakini hilo ni jambo la malezi.

Yanajikunja

Majani yaliyojisokota saa saba mchana yasikutishe. Mmea unajifunika jua. Rudi alfajiri. Yakiwa yamefunguka, maji bado yapo. Yakiwa yamejikunja saa moja asubuhi, shida ni kubwa. Na kama yamejikunja huku udongo ni tope, acha kuomba mvua: mizizi imekosa hewa au imeliwa. Chimba mfereji wa kutoa maji leo, si kesho. Eneo la dambo, bonde linalotuamisha maji, lina shida hiyo karibu kila Januari, na mwakani libadilishe, panda juu ya matuta.

Bua refu, gunzi la mapengo

Hili linauma kwa sababu linakuja mwishoni. Shamba lilikuwa zuri, kila mpita njia alilisifu, halafu magunzi yanafunguliwa yana meno kama ya babu. Kila uzi wa nywele za hindi unakwenda kwenye punje yake moja. Uzi usipopata chavua, punje haipo. Wiki mbili kabla na mbili baada ya nywele kutoka ndizo wiki ambazo jua la mfululizo linaweza kuhukumu msimu mzima, na hapo, nakubali, mvua ina kesi ya kujibu.

Huhitaji kungoja mavuno kujua. Siku kumi baada ya nywele kutoka, chagua hindi moja, chana maganda kwa kisu kuanzia shinani bila kuzigusa nywele, ligeuze, litikise. Nyuzi zilizokwisha kazi zinaanguka. Zinazong'ang'ania zimeshikilia punje ambazo hazikupata chavua. Zikianguka karibu zote, pumua. Zikibaki nyingi mahali pote, ukame au viwavi waliokula nywele. Zikianguka zote lakini baadaye ncha ya gunzi ikakosa punje, chavua ilikuwepo, chakula ndicho kilichoisha: nitrojeni, maji, au miche iliyobanana kupita kiasi.

Ndiyo maana sipandi shamba zima siku moja. Nusu napanda Novemba 18 au 20, nusu baada ya siku kumi na mbili hivi. Jua la wiki mbili likija, linakuta nusu moja tu ikiwa na nywele nje.

Yameshakomaa, yanaanguka, yameshavunwa, yanaoza

Bua lililokatwa chini, ndani limejaa udongo, ni mchwa. Hawapendi kungoja, nawe usingoje: mahindi yakikauka yatoe.

Kuhusu ghala, usiamini meno wala sauti ya punje. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia chumvi iliyoanikwa juani, ongeza mahindi hadi theluthi ya chupa, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15. Yarudishe juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Ukungu wa kijani-njano kwenye punje ni dalili ya sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kusaga wala kupika. Kuku pia usimpe. Unga mwingi chini ya gunia lililofungwa vizuri ni dumuzi, na huyo anazuiwa na mfuko wenye tabaka tatu usiopitisha hewa, ilimradi usiwe na tundu hata la sindano.

Mfuko wangu mmoja mwaka jana ulikuwa na tundu. Panya. Nilimwambia Baba Mukubwa, naye akauliza kama hapo pia mvua ilihusika.